Hasara Usiifiche, Iandike

Ndugu msomaji,

Mwezi huu nataka kukueleza kosa langu mwenyewe. Lisome, kisha uwasomee wenzako.

Miaka kadhaa iliyopita nilianza kufuga kuku wa kienyeji nyumbani kwangu. Nilianza na majike sita na jogoo mmoja. Kuku walizaana vizuri. Mwaka wa kwanza niliuza. Mwaka wa pili niliuza zaidi. Watu wakanisifu, nami nikajisifu. Sikuwachanja kuku wangu, kwa sababu hawakuwa wameugua. Nilidhani huo ni ujuzi wangu. Kumbe ilikuwa bahati tu.

Mwaka wa tatu, wakati wa kiangazi, nilinunua majogoo wawili mnadani. Nikawaingiza bandani siku ile ile. Siku ya tano jogoo mmoja alizubaa. Akaharisha kinyesi cha kijani, na shingo yake ikapinda. Baada ya siku chache kuku 23 walikuwa wamekufa. Ulikuwa ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri.

Niliona aibu. Bwana Shamba kufiwa na kuku! Watu watasemaje? Nikawafukia usiku, nikanyamaza.

Kunyamaza kwangu kulimwumiza mtu mwingine. Jirani yangu ni mama mjane. Kuku wake walichakura pamoja na wangu. Alikuwa na kuku 11. Alitaka kuwauza amnunulie mjukuu wake sare ya shule. Wiki ile walikufa tisa.

Alipojua habari yangu, alikuja nyumbani. Nikamwamkia. Akaitika, kisha akasema: "Mwanangu, ungeniambia mapema, ningewafungia kuku wangu. Mbona ulinyamaza?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi.

Mama yule alikuwa amejifunza kusoma na kuandika katika kisomo cha watu wazima. Akatoa daftari lake. "Haya," akasema, "tuandike." Tukaandika siku niliyonunua majogoo. Tukaandika siku ya kwanza kuku kuugua, na idadi ya waliokufa kila siku. Tulipomaliza, sababu ilionekana. Sikuwachanja kuku wangu, wala sikuwatenga kuku wageni. Haukuwa mkosi. Yalikuwa makosa mawili, na yote mawili yanaweza kurekebishwa.

Tulianza upya, kidogo kidogo. Nilinunua majike wanne waliochanjwa, wawili nikampa mama. Tangu siku hizo, kila baada ya miezi mitatu tunawachanja kuku wetu wote, wakubwa na vifaranga. Kila mmoja hupata tone moja la chanjo jichoni. Tunachanja kuku wakiwa wazima, kwa sababu chanjo hukinga tu. Haimponyi kuku aliyekwisha ugua. Kuku mgeni hukaa peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine.

Sasa mama ana kuku wengi kuliko mimi, na mjukuu wake amepata sare. Watu wakimwuliza siri yake, hufungua daftari akawaonyesha.

Ndugu msomaji, mambo matatu nimejifunza.

Kwanza, ukifaulu, jiulize umefaulu kwa sababu gani. Usipoijua sababu, mwaka ujao hutaweza kufanya vile tena.

Pili, ukipata hasara, iandike. Andika siku, ulichofanya, kilichotokea, na fedha iliyopotea. Hasara ni kama ada ya shule. Umekwisha ilipa, basi usiondoke bila somo.

Tatu, mwambie jirani yako. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Aibu yangu ya siku moja ilimgharimu mama mjane kuku tisa.

Labda nawe una mradi ulioanguka: bustani ya nyanya, duka dogo, au mizinga ya nyuki. Usiseme, "Mimi sina bahati." Kuteleza si kuanguka. Jioni ya leo chukua daftari na kalamu. Andika mambo yalivyokwenda, tangu mwanzo hadi mwisho. Tafuta kosa moja unaloweza kulirekebisha. Kisha anza tena, kwa kiasi kidogo ambacho hata kikipotea, watoto hawatalala njaa.

Tukutane mwezi ujao.

Ni mimi,
Bwana Shamba wako