Setilaiti imshukie mkulima wa chai
Mwaka wa 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka pwani ya Malindi. Jina lilikuwa letu, chombo kilikuwa cha Marekani. Setilaiti ya Taifa-1, iliyorushwa kutoka California Aprili 15, 2023, ilikuwa yetu hasa, na tuliishangilia kwa haki. Ila kelele za Nairobi hazijafika Litein wala Bomet, ambako mvua ya mawe huchanachana majani ya chai kwa dakika chache na mkulima hukadiria hasara kwa macho. Mashamba ya wakulima wa huko ni vipande vidogo. Kamera hafifu ya setilaiti haivioni. Shirika la Anga za Juu la Kenya liwaulize wakulima hawa wanachohitaji kabla ya kuagiza setilaiti ijayo, na taarifa zake zibandikwe kwenye vituo vya kununulia chai.