Saburi si Ukimya

Katika vyuo vikuu vya Kenya, mikutano ya wanafunzi Wakristo aghalabu hutawaliwa na sauti ya ushindi. Nyimbo ni za kushinda, ushuhuda ni wa aliyepata, na maombi ni ya kutangaza kwamba mlima umekwisha kung'olewa. Si vibaya, maadam furaha ni tunda halali la imani. Hata hivyo, nyuma ya makofi na vigelegele hivyo huketi mwanafunzi aliyefiwa na mamake katikati ya muhula. Pembeni yake yupo aliyehitimu miaka minne iliyopita, ambaye angali anazungusha bahasha ya vyeti mjini. Yupo pia yule anayesali kila usiku na kuambulia kimya. Hao hawana zamu ya kutoa ushuhuda. Huondoka polepole, mmoja baada ya mwingine, na wakishatoweka husemwa kwamba imani yao haikuwa na mizizi.

Hukumu hiyo ni ya haraka na haina haki ndani yake. Huenda aliyeondoka hakukosa imani. Alikosa lugha ya kuieleza imani iliyojeruhiwa. Jumuiya iliyompokea ilimfunza kushukuru na kutangaza, ila haikumfunza kulia mbele za Mungu. Ndiposa siku alipofikwa na kilio, alidhani hana budi kuchagua baina ya mambo mawili: ama anyamaze akae, ama alie aondoke. Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo inayostahili kuitwa saburi.

Wapenzi wa Kiswahili wana sababu ya kulichunguza neno hilo. Subira na saburi ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini katika matumizi kila moja limejitwalia makao yake. Subira ni neno la kila siku: huhimizwa anayengoja chakula kiive, anayengoja mchumba, hata anayengoja gari. Yavuta heri, wahenga wamekwisha nena. Saburi nayo ina uzito mwingine. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili waliitumia katika Waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya 5, na katika Waraka wa Yakobo, sura ya 1, na kotekote mle huzaliwa na dhiki na majaribu. Yaani subira yaweza kuwa ya mtu aliyeketi kivulini akingoja. Saburi ni ya mtu aliyejitwika mzigo huku akiendelea kupanda mlima. Mwenye mzigo hatarajiwi kunyamaza. Hupiga kite, hupumzika, huuliza safari imebakia kiasi gani, kisha huinuka.

Vivyo hivyo, lugha hii hutenga shaka na kukata tamaa. Mwenye shaka anauliza. Aliyekata tamaa amekwisha acha kuuliza. Anayemuuliza Mungu kwa nini, hata kwa ukali, angali anaamini kwamba yupo wa kuulizwa. Kwa hiyo kuichukulia shaka kuwa kinyume cha imani ni kumfukuza nyumbani mtoto ambaye kosa lake ni kubisha hodi kwa nguvu.

Maandiko yenyewe yanaunga mkono rai hii. Ayubu hakukaa kimya majivuni. Alitetea kesi yake sura baada ya sura. Hatimaye waliokemewa ni marafiki zake waliojifanya mawakili wa Mungu, wala si yeye aliyelalamika. Nabii Elia, muda mfupi baada ya ushindi wa mlima Karmeli, aliketi chini ya mretemu jangwani akaomba afe. Hakukaripiwa. Alipewa mkate na maji, akaachwa alale, akapewa tena. Habakuki alifungua kitabu chake kwa malalamiko. Zaburi ya 88 huanza kwa kilio na kumalizikia gizani bila kitulizo chochote, na bado imehifadhiwa katika kitabu cha ibada. Hata Yesu msalabani aliuliza sababu ya kuachwa, akitumia maneno yanayofungua Zaburi ya 22. Iwapo kulalamika kungekuwa ni uasi, basi sehemu kubwa ya Biblia ingalifutwa.

Historia ya Ukristo katika pwani ya Kenya inatoa ushahidi ulio karibu zaidi na wasomi wa Kiswahili. Ludwig Krapf hutajwa katika mihadhara kwa sababu ya sarufi yake ya mwaka 1850 na kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya yeye kufariki. Ni nadra kutajwa kwamba mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa, homa ilimuua mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga wa kike akafuata katika siku hizo hizo. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo. Aliwazika, akarejea kwenye kazi. Mwenzake, Johannes Rebmann, alifika mwaka 1846 akakaa hadi mwaka 1875, takriban miaka 29. Alimzika mkewe, akapofuka macho, na waliobatizwa mikononi mwake katika miaka hiyo yote walikuwa wachache mno. Kwa mizani ya mahubiri ya mafanikio yanayosikika leo, Rebmann alishindwa kabisa.

Hata hivyo, kielelezo bora zaidi cha saburi ni Mwafrika ambaye jina lake halijulikani sana: William Jones. Akiwa mtoto alitekwa akauzwa utumwani, akaokolewa, akasomeshwa Bara Hindi, kisha akaja Rabai katika miaka ya 1860. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa daraja ya ushemasi, na mwaka uo huo wakaondoka pamoja katika msafara wa watu wapatao 200 kuelekea Buganda. Walipofika kwa Sundu, mahali panapoitwa Mumias leo, Hannington alitangulia na watu 50, akamwachia Jones wale wengine. Tarehe 29 Oktoba 1885, askofu huyo aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wengi wa wale aliofuatana nao. Wanne tu ndio walioponyoka, wakamrudia Jones na habari hiyo.

Jones aliwaongoza waliosalia mamia ya maili hadi Rabai, wakawasili mwezi wa Februari 1886. Mbele ya msafara palipepea bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja: Ikabodi. Msomaji wa Kitabu cha Kwanza cha Samweli anajua maana yake. Ndilo jina alilopewa mtoto aliyezaliwa siku sanduku la agano lilipotekwa, siku iliyosemekana kwamba utukufu umeondoka. Jones hakubuni kauli mbiu ya ushindi wala hakuamuru wapagazi waimbe. Alilichukua neno la huzuni kuu kuliko yote aliyoyapata katika Biblia, akalitundika mlingotini mahali pa kuonekana na kila mtu.

La kuzingatiwa ni kwamba bendera ile ilikuwa ikisonga mbele. Aliyeibeba hakukaa Mumias akaomboleza hadi akafa, wala hakuutelekeza msafara nyikani. Aliomboleza huku akitembea, na watu waliokuwa chini ya ulinzi wake wakarudi kwao. Baadaye aliendelea kuhudumu, na mwaka 1895 akapewa daraja ya ukasisi. Kilio na uaminifu vilikuwa katika mkono mmoja. Hiyo ndiyo saburi.

Yupo atakayedai kwamba kuwapa waumini wachanga ruhusa ya kulalamika ni kuwafungulia mlango wa kutoka. Hoja hii ina uzito wake, kwani manung'uniko yasiyo na mwisho humla mtu kama mchwa. Lakini yafaa kutofautisha kumlalamikia Mungu na kumnung'unikia Mungu pembeni. Aliyelalamika katika Zaburi alimwelekea mlalamikiwa, akamtaja kwa jina. Anayefundishwa kuuficha uchungu wake hupelekea uchungu uo huo mahali pengine: chupani, katika chuki, au katika unafiki wa kutabasamu mbele ya madhabahu na kukauka moyoni. Mlango unaopitiwa na wengi wanaotoka ni ule wa ukimya.

Wapo pia watakaouliza kwa nini wamisionari wasifiwe, ilhali kazi yao ilitangulia ukoloni na mara nyingine iliutengenezea njia. Swali hilo ni halali, na wanafunzi wa fasihi ya Kiafrika wamelelewa nalo. Lakini maisha ya Jones hayajibiwi nalo kikamilifu. Mtu aliyeuzwa na binadamu wenzake, akaishi chini ya wakubwa wa kigeni, alikuwa na sababu za kutosha za kuiacha imani ile. Kubaki kwake hakuwezi kufasiriwa kuwa ujinga wala utiifu wa kibaraka. Kulikuwa ni uamuzi, na uamuzi wa namna hiyo unastahili heshima hata kwa asiyeafikiana nao.

Suala hili si la karne ya 19 pekee. Tarehe 2 Aprili 2015, siku ya Alhamisi Kuu, wapiganaji wa Al-Shabaab walishambulia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi. Wakristo walitengwa wakauawa, na miongoni mwa walioshambuliwa mapema ni wale waliokuwa wamekusanyika kwa maombi ya alfajiri. Ni mahubiri gani ya mafanikio yanayoweza kusimama mbele ya chumba kile cha maombi? Aliyefundishwa kwamba sala ni ngao isiyopenywa na risasi hana la kumwambia mzazi wa mmoja wao. Aliyefundishwa saburi huenda naye asiwe na la kusema, lakini anajua kuketi naye na kulia, kama marafiki wa Ayubu walivyofanya vyema kwa siku saba kabla hawajaharibu mambo kwa maneno.

Kiswahili kina dokezo jingine hapa. Neno imani halina maana ya kusadiki tu. Mtu mwenye imani ni mwenye huruma pia, na asiye na imani ni katili. Mwezi wa Disemba 2015, basi lilipovamiwa katika eneo la El Wak, Kaunti ya Mandera, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Waliwafanyia imani wenzao ambao hawakuwa wa imani yao. Mkristo anayeokolewa kwa namna hiyo hupata somo kwamba kuvumilia si kujenga boma. Majaribu yanayomfanya mtu awe na moyo mgumu yamemshinda, hata kama bado anahudhuria ibada kila Jumapili. Yale yanayomwacha na huruma yamemkomaza.

Yafaa nini basi kufanyika? Kwanza, jumuiya za Wakristo vyuoni zitenge nafasi ya ushuhuda ambao haujakamilika: wa mgonjwa ambaye hajapona, wa mwombaji ambaye hajajibiwa. Pili, Zaburi za maombolezo zisomwe hadharani kama zinavyosomwa zile za sifa. Tatu, wahubiri wakome kuwauliza wenye dhiki ni dhambi gani waliyotenda, kwani swali hilo lilikwisha kukataliwa katika Kitabu cha Ayubu. Nne, wasomi wa Kiswahili wasiiachie madhabahu peke yake kazi ya kuunda lugha ya majonzi. Utenzi na shairi la kuomboleza ni mali yao, na waumini wengi wamekwama kwa kukosa maneno tu.

Imani isiyojaribiwa ni kama mtumbwi ambao haujatiwa majini. Uzuri wake ni wa kutazamwa, na fundi mwenyewe hajui kama unavuja. Mawimbi yakiupiga, baharia hufumba maji kwa kata, hushona tanga lililochanika, humlilia Mwenyezi kwa sauti kuu, na mkono wake hauachi usukani. Hakuna nahodha mwenye busara anayemwamuru baharia wa namna hiyo anyamaze. Kelele zake ni dalili kwamba chomboni bado yumo mtu anayetaka kufika.