Ni Mafua Tu? Chanjo ya Kila Mwaka na Wazee Tunaowatembelea

Kwa zaidi ya mwezi sasa kuna karatasi kwenye ubao wa matangazo nje ya bwalo letu. Sista anayesimamia zahanati ya seminari aliibandika Jumapili moja baada ya Misa, akaomba kila frateri anayetaka kuchanjwa dhidi ya mafua makali, yaani influenza, aandike jina lake. Anataka kujua dozi ngapi ziagizwe kutoka mjini na kila mmoja achangie kiasi gani. Tupo zaidi ya mia moja. Hadi tunaandika makala haya, majina hayajafika kumi na mawili.

Hatuandiki ili kumsuta mtu. Sisi wenyewe tumeipita karatasi hiyo mara tatu kwa siku tukienda kula, na kila mara tumejiambia maneno yale yale: ni mafua tu. Tunaandika kwa sababu ya jambo lililotokea mwaka jana, ambalo kama jumuiya hatujalizungumza kwa uwazi.

Ilikuwa mwezi Juni, baridi imeshika. Mafua yaliingia bwenini, na ndani ya wiki moja viti vingi darasani vilikuwa wazi. Jumamosi ilipofika, tuliopangiwa utume katika nyumba ya wazee tulikwenda kama kawaida. Baadhi yetu tulikuwa tunakohoa. Tuliona kwamba kubaki kungekuwa uvivu, pengine hata kukosa moyo wa sadaka. Tulifua nguo, tukawakata wazee kucha, tukawalisha wasioweza kujilisha, tukasali Rozari tumeketi nao vitandani. Wiki iliyofuata wazee walianza kukohoa mmoja baada ya mwingine. Wawili walipelekwa hospitali. Mmoja wao, babu aliyekuwa akituita Baba Padre ingawa kila wiki tulimweleza kwamba bado tunasoma falsafa, hakurudi.

Hatujui kama ni sisi tuliowapelekea ugonjwa ule. Hakuna aliyepimwa, na nyumba ile hupokea wageni wengi. Tunachojua ni kwamba kabla ya kwenda hatukujiuliza. Hilo ndilo linalotusumbua kila tunapoiona karatasi ya Sista.

Mafua na mafua

Lugha yetu nayo ina sehemu yake ya lawama. Neno mafua tunalitumia kwa kila pua inayotiririka. Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina nyingi, na kwa hayo tangawizi, limau na usingizi vinatosha. Influenza ni ugonjwa mwingine. Huja ghafla, pamoja na homa kali, maumivu ya misuli, kichwa kuuma na uchovu unaomlaza mtu. Kijana mwenye afya kwa kawaida hupona ndani ya wiki moja hivi. Kwa mzee, mama mjamzito, mtoto mdogo, au mtu mwenye kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo, inaweza kugeuka nimonia na kuua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka influenza ya msimu husababisha vifo kati ya 290,000 na 650,000 vinavyotokana na matatizo ya upumuaji.

Tena, aliyeambukizwa anaweza kuanza kuambukiza wengine siku moja hivi kabla hajajisikia vibaya. Kwa hiyo hata yule aliyekwenda siku ile bila kikohozi hawezi kuapa kwamba alikuwa salama kwa wazee.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa nchi za baridi. Historia yetu inakataa. Influenza ya mwaka 1918 iliingia Afrika Mashariki kupitia bandari na kusambaa hadi bara, wakati askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wakiwa bado njiani. Isitoshe, katika nchi za joto kama zetu virusi hivi vinaweza kuzunguka wakati wowote wa mwaka.

Maswali tunayoulizana mezani

Kwa nini kila mwaka? Kwa sababu virusi vya influenza hubadilika haraka, na kinga itokanayo na chanjo hufifia kadiri miezi inavyopita. Mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini mwa dunia na Septemba kwa nchi za kusini, Shirika la Afya Duniani hukusanya wataalamu wapendekeze aina za virusi zitakazozingatiwa katika chanjo ya msimu unaofuata. Virusi vya surua havibadiliki kwa namna hiyo, ndiyo maana chanjo ya utotoni hutulinda miaka mingi.

Mbona fulani alichanjwa na bado akaugua? Inatokea. Katika miaka ambayo chanjo inalingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza kwa asilimia 40 hadi 60 uwezekano wa mtu kuugua influenza kiasi cha kwenda kwa daktari. Mafua mengine haiyazuii hata kidogo, na kinga yake huchukua wiki mbili hivi kujengeka. Anayetaka ulinzi usio na tundu hataupata hapa. Lakini hatuachi kufunga mlango usiku eti kwa sababu mwizi anaweza kuuvunja.

Je, sindano yenyewe haileti ugonjwa? Chanjo ya sindano inayotumika haina virusi hai, kwa hiyo haiwezi kumpa mtu influenza. Mkono huuma, wengine hupata homa ndogo au uchovu kwa siku moja au mbili. Madhara makubwa yapo, ila ni nadra sana. Ndiyo maana mchanjaji huuliza kwanza kuhusu mzio na magonjwa uliyowahi kuugua, na inafaa kumjibu ukweli wote.

Na imani je? Tumewahi kusikia, hata kati yetu, kwamba anayemtumaini Mungu hana haja ya sindano. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamheshimu tabibu na dawa kama zawadi za Mungu mwenyewe. Nasi Wakatoliki wa Tanzania tuna kumbukumbu ya karibu zaidi. Machi 2021, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padre Charles Kitima, alieleza hadharani kwamba katika muda wa miezi miwili hivi mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki baada ya kupata matatizo ya kupumua. Wale walikuwa watu wa sala. Walisali, wakawahudumia watu wao, wakafa. Sala haikuwafanya wawe na mapafu ya chuma, wala haitatufanya sisi.

Dhamiri inauliza nini?

Wakati wa mjadala wa chanjo za UVIKO-19, wengi walitatizwa na matumizi ya seli zenye asili ya watoto waliotolewa mimba. Idara ya Mafundisho ya Imani ilijibu Desemba 2020 kwamba, pale zisipopatikana chanjo zisizo na tatizo hilo, kuzitumia kulikubalika kimaadili. Kwa chanjo za influenza tatizo hilo halipo: nyingi hukuzwa katika mayai ya kuku, na nyingine katika seli za wanyama au wadudu.

Hati ile ilisema mambo mengine mawili yanayotugusa. La kwanza, kwamba kwa kawaida kuchanjwa si wajibu wa kimaadili, hivyo kunapaswa kuwa kwa hiari. La pili, kwamba mwenye kukataa kwa sababu ya dhamiri anapaswa kufanya kila awezalo, kwa njia nyingine za kinga na kwa mwenendo wake, asiwe chombo cha kuwaambukiza wengine, hasa walio dhaifu. Sisi vijana hupenda kulikumbuka la kwanza. Katekisimu nayo, namba 2288, inatutaka tutunze afya kwa kadiri inayofaa, tukiangalia mahitaji ya wengine na manufaa ya wote.

Hapa falsafa tunayoisoma asubuhi inaweza kutufaa jioni. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kutoa hukumu, na kuamuru litendwe lililohukumiwa. Anaongeza kwamba tendo kuu ni hilo la tatu. Tukijipima kwa kipimo hicho, shauri tumelitafuta: Sista ametueleza, na maswali yetu tumeyauliza. Hukumu tunayo, maana ukimuuliza frateri yeyote kama kinga ni bora kuliko tiba, atakubali kabla hujamaliza kuuliza. Tumekwama kwenye tendo la tatu. Kalamu imefungwa kwa kamba pembeni ya ubao, nasi tunaipita.

Kwa nini? Tunadhani ni kwa sababu tumekuwa tukijibu swali lisilo letu. Kila mmoja anajiuliza: je, mimi naihitaji? Kwa mtu wa miaka ishirini na kitu anayecheza mpira kila Alhamisi, jibu la haki ni kwamba pengine haihitaji sana. Akiugua atalala siku chache, atapona. Lakini sisi hatuishi maisha ya peke yetu. Tunalala wengi katika bweni moja, tunakula kwenye bwalo moja, na kila Jumamosi tunakwenda kushika mikono ya watu wa miaka themanini. Swali letu linapaswa kuwa: nani nitakayemgusa wiki hii, naye ana nguvu gani ya kuvumilia ninachombebea?

Tunachopendekeza

Tunajua kwamba fedha ni tatizo la kweli. Chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za taifa, kwa hiyo haipatikani bure zahanati yoyote kama ya surua au polio. Wengi wetu tunategemea wazazi wakulima na parokia zetu. Kumwambia frateri wa namna hiyo kwamba upendo wake unapimwa kwa sindano ya kulipia kungekuwa ukatili.

Basi tuchange katika mfuko mmoja, kila mtu kwa uwezo wake na bila kutajwa kiasi. Fedha zisipotosha kwa wote, zisianzie kwetu. Zianze na wazee wenyewe pamoja na masista na wahudumu wanaowalea usiku na mchana. Mwili wa mzee huitikia chanjo kwa udhaifu kuliko wa kijana, ndiyo maana wanaomzunguka nao wanahitaji kuchanjwa. Baada ya hao, wafuate mafrateri waliopangiwa utume katika nyumba ya wazee na hospitalini. Sisi wengine tungoje zamu yetu, na kama zamu haitafika mwaka huu, tutakuwa tumetumia fedha mahali zilipohitajika zaidi.

Pili, na hili halina gharama: tuwaombe walezi waweke utaratibu kwamba frateri mwenye homa au kikohozi haendi kwenye utume wa wazee na wagonjwa, awe amechanjwa au hajachanjwa. Asihesabiwe mvivu. Abaki akisali kwa ajili yao, na Jumamosi inayofuata akafue nguo maradufu. Mwaka jana tuliogopa kuitwa wavivu kuliko tulivyoogopa kuwadhuru wale tuliokwenda kuwahudumia. Tunaona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hatutaki mtu alazimishwe. Mwenye mzio, mwenye shaka, mwenye swali ambalo hatujaligusa hapa, amwone Sista au daktari, wala asitosheke na makala ya wanafunzi wa falsafa. Tunachoomba ni kwamba kila mmoja wetu afike mahali pa kuamua, na asiiache karatasi imwamulie kwa kukaa kimya.

Sista amesema ataiondoa Ijumaa baada ya Masifu ya Jioni. Jumamosi asubuhi gari la utume linaondoka kama kawaida.