Mtabiri wa mapinduzi, mtazame kwanza kofia yake

Ndugu msomaji, ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, utaonyeshwa tembe walilokaa Stanley na Livingstone. Watalii hupiga picha wakaondoka. Wewe kijana usiondoke haraka, pale kuna somo.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti kama mimi, alifikia hapo. Waarabu wa Unyanyembe walikuwa wakijiandaa kumpiga Mtemi Mirambo, aliyewafungia njia ya Ujiji. Machoni mwao Mirambo alikuwa jambazi tu, na jambazi atawawezaje matajiri wenye bunduki? Stanley akaamini, akaenda vitani nao. Kulikoni? Mirambo aliwavizia njiani akawamaliza wengi, Stanley akatimua mbio. Mwezi huohuo wa Agosti, Mirambo akaivamia Tabora yenyewe.

Mwaka 1876 Stanley huyohuyo alichanjiana na Mirambo, akammwagia sifa. Mirambo alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni haja ya Stanley.

Wasomi wetu wa siasa na jamii hawana tofauti. Zanzibar ilipopinduliwa tarehe 12 Januari 1964, wakubwa wa Marekani na Uingereza, vichwa vimejaa hofu ya ukomunisti, walitabiri Cuba ya Afrika. Wafuasi wa Marx, kina Abdulrahman Babu, waliona vita vya matabaka na dola ya wakwezi na wachukuzi inakuja. Wengine waliona rangi tu, Mwafrika na Mwarabu. Kisiwa kimoja, usiku mmoja, kofia tatu!

Cuba haikuja. Tarehe 26 Aprili mwaka huohuo ukaja Muungano. Na dola ya wavuja jasho? Babu mwenyewe aliishia jela, 1972 hadi 1978.

Lakini tusiwacheke wenzetu. Sisi wa upinzani nasi tuna kofia. Mwaka 1995 vijana walisukuma gari la Mrema kwa mikono, na vijiweni tukaapa kwamba CCM imekwisha. Kura zilipotangazwa, Mkapa alipewa asilimia 61.8, Mrema 27.8. Ndiyo, uchaguzi ule ulikuwa na kasoro nyingi, tulizipigia kelele. Ila tuseme kweli: tulihesabu waliosukuma gari mjini, hatukumhesabu mkulima wa tumbaku kule kijijini ambaye hatukumfikia.

Mimi nimeishia sekondari, sina digrii ya kumpinga profesa. Ninalo swali tu. Akija mtu na vitabu vyake akakwambia utawala huu utaanguka kesho, au hautaanguka milele, muulize: unaona hivyo, au unataka iwe hivyo? Nani anakulipa? Umefika kijijini?

Na ukimaliza kumuuliza yeye, jiulize mwenyewe. Anayepigania mageuzi kwa hesabu ya ndoto hushindwa mara mbili, kwanza kwenye kura, kisha moyoni.