Maji Yaangukayo na Somo la Fizikia

Mara nyingi picha ya maporomoko ya Sanje, huko Udzungwa, huonyesha maji laini kama pamba iliyochambuliwa, na watazamaji husema kwamba mpiga picha amedanganya. Hakudanganya. Alikiacha kilango cha kamera wazi kwa nusu sekunde hivi, na kila tone likachora njia yake. Kama angekifungua kwa 1/500 ya sekunde, tone lenye kasi ya mita 4.4 kwa sekunde lingesogea milimita 9 tu, likaonekana kama limesimama. Picha zote mbili ni za kweli. Kosa ni kuzionyesha bila kutaja muda.

Walimu wa Kibaha na Kisarawe wasiseme kwamba jambo hili haliwahusu. Ni kweli kwamba maji ya Ruvu, yatokayo milimani Uluguru, hufika Mlandizi yakiwa yametulia. Lakini tone la kopo lililotobolewa huanguka kwa kanuni ile ile ya maporomoko. Katika shule zisizo na vifaa, jaribio la mvutano wa dunia huandikwa ubaoni tu, na wanafunzi hukariri 9.8 kama kibwagizo. Hilo silikubali, maana kopo, rula na kamera vyatosha.

Tundu liwe dogo, maji yadondoke tone tone mbele ya ubao mweusi. Rula isimamishwe kando ya njia ya matone, kwa umbali ule ule kutoka kwenye kamera. Kilango kiwekwe 1/60. Mita moja chini ya kopo, tone litachora mstari wa sentimita 7 na kitu. Urefu huo ukizidishwa kwa 60 hutoa kasi. Kipeo cha pili cha kasi kikigawanywa kwa mara mbili ya kimo hutoa mchapuko wa mvutano.

Mwanafunzi aweke muda kwa mkono wake, kwani kamera ikijiamulia yenyewe somo limepotea. Simu ya mwalimu yenye nafasi hiyo yafaa pia, ila kwa kuwa tundu la lenzi yake kwa kawaida halipunguziki, itumike barazani, kivulini. Juani, kwa ISO 100 na tundu kwenye alama 16, muda ufaao ni takribani 1/100. Nusu sekunde ingeingiza mwanga mara 50. Ndiyo sababu wapiga picha wa maporomoko hungoja mapambazuko.

Wakipata sentimita 6, wasikaripiwe. Waulizwe kama rula ilikuwa karibu na kamera kuliko matone.