Aliyeacha Kazi Bado Yuko Kwenye Till Yako?

Mwenye bucha au agroveti hapa Noonkopir anajua: mfanyakazi akiacha kazi, kitu cha kwanza kudai ni funguo. Wengine hata kufuli wanabadilisha. Lakini nambari yake kwenye till? Inabaki pale mwaka mzima.

Mfumo wa malipo huweka orodha. Kila simu au kompyuta inayoingia kwenye akaunti yako huandikwa: ni ya nani, na mara ya mwisho ilisikika lini. Shida ni kwamba wengi wetu hatubonyezi "Toka". Chaji inaisha, bando linakatika, stima zinapotea ukiwa saiba, na wewe unaenda zako. Kwa mfumo, bado uko ndani. Hauna macho ya kukuona ukivuka barabara ya Namanga. Unachojua tu ni kwamba umenyamaza. Ndiyo maana ukikaa kidogo bila kugusa kitu, unatolewa na kuulizwa PIN upya. Inaudhi, hasa ukiwa na foleni ya wateja, lakini mimi naitetea. Heri rekodi iliyonyamaza ifutwe mapema kuliko imngojee anayekalia kile kiti cha saiba baada yako.

Sasa, hapo ndipo kampuni za malipo huwa tunawatuliza wateja kupita kiasi. Kompyuta inaweza kufuta kilichonyamaza. Haiwezi kujua kwamba kinachoongea hakina kazi tena hapo. Kijana aliyeacha kazi kwako Machi, kama bado anafungua programu kila jioni kuangalia mauzo, kwa mfumo huyo ni mfanyakazi mwenye bidii. Anaona umeuza ngapi wikendi na nani amelipa. Na kama ulimpa ruhusa ya kutoa pesa, bado anayo.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zisiwekwe kupita muda unaohitajika. Hiyo ni kazi yetu, na kwa maoni yangu tungemuuliza kila mwenye biashara, angalau mara moja kwa miezi mitatu: hawa bado wako?

Usingoje tuulize, lakini. Siku hiyo hiyo anapoondoka, fungua orodha ya wahudumu, toa nambari yake, kisha badilisha PIN kama mlikuwa mnatumia moja (na wengi mnatumia moja, tunajua). Anayekuja badala yake msajili kwa jina lake na nambari yake. Asirithi ya aliyeondoka.