Ruta ya Chamazi na Kidole cha Dada Yangu

Mwanzoni mwa mwaka jana dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Chamazi, aliitwa kutoa maelezo katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Hakutuhumiwa kwa lolote. Aliulizwa swali moja tu, nalo lilimnyima usingizi juma zima: usiku fulani, saa nne na dakika kadhaa, ni nani aliyekuwa akitumia intaneti ya nyumbani kwake? Kuna mtu alikuwa ametapeliwa fedha kwa ujumbe wa mtandaoni, na njia ya ujumbe ule ilipofuatwa nyuma iliishia kwenye laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole chake. Laini hiyo haikuwa ndani ya simu. Ilikuwa ndani ya ruta iliyowekwa juu ya kabati la vyombo sebuleni, na dada yangu, aliyebakiza miaka miwili kustaafu, hakuwa na jibu.

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kunikuta nikijadili katiba, bajeti na vyama. Leo naomba aniwie radhi nijadili kifaa chenye ukubwa wa daftari, kwa kuwa nimeanza kuamini kwamba sehemu fulani ya uraia wetu imehamia humo ndani bila sisi kushauriwa.

Tuanze na jina. Wapo wanaokiita kipanga njia. Mimi nitasema ruta. Mitaani kwetu, kuanzia Bunju hadi Mbagala, watu husema "waifai" na kumaanisha kwa mkupuo mmoja kifaa, mawimbi na intaneti yenyewe. Mkanganyiko huo una gharama. Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini na intaneti ikadorora nchini, jirani yangu hapa Bunju alishinda akizima na kuwasha ruta yake, na kesho yake akaenda kununua nyingine. Mwishoni mwa Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchini kuanzia siku ya uchaguzi, taa ya waifai iliendelea kuwaka kwa utulivu katika kila sebule yenye umeme. Waifai haikuwa na tatizo lolote. Waifai ni ile safari fupi kati ya ruta na simu iliyo mkononi mwako. Safari ndefu, ya kutoka ruta hadi mnara, hadi mkongo, hadi ng'ambo, ina wenyewe wengine. Anayekuuzia ruta anakuuzia safari fupi tu, hata kama kwenye boksi ameandika maneno ya safari ndefu.

Lakini safari hizo mbili zinakutana mahali pamoja, na hapo ndipo dada yangu alipokwama. Simu, kompyuta na runinga zote zilizomo nyumbani hutoka nje kwa kupitia ruta, na zikifika nje huonekana kama mtumiaji mmoja. Kwa mtazamo wa kampuni ya simu, nyumba nzima ya Chamazi, pamoja na vyumba vinne vya wapangaji uani, ni mtu mmoja, naye ni mwalimu mmoja wa kike mwenye namba ya NIDA. Tulipopanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, na tarehe 20 Januari 2020 ikawekwa kuwa mwanzo wa kuzimiwa kwa wasiojisajili, tuliambiwa kwamba kila laini sasa itakuwa na mwenyewe. Ni kweli kwa simu iliyo mfukoni. Kwa laini iliyo ndani ya ruta, kidole ni kimoja na watumiaji ni ukoo.

Nilikwenda Chamazi Jumamosi iliyofuata. Niliandika kwenye kivinjari namba zilizobandikwa chini ya ruta, 192.168.1.1, ukurasa wa mipangilio ukafunguka, nikajaribu "admin" kama jina na "admin" kama nywila. Nikaingia. Sikuwa nimevunja kitu. Mlango haukuwahi kufungwa tangu fundi alipoukabidhi. Nywila ya waifai ilikuwa 12345678, nayo ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye ukuta wa baraza, juu kidogo ya mita ya LUKU. Nyumba ina watu watano. Orodha ilionyesha vifaa 17 vilivyounganishwa kwa wakati ule. Vingine tulivitambua kwa jina la simu, vingine havikutambulika hata baada ya kuita wapangaji wote mmoja mmoja. Na orodha ya usiku ule ulioulizwa haikuwepo: ruta ya aina ile hukumbuka waliopo sasa, na umeme ukikatika mara moja husahau kila kitu. Tangu usiku ule umeme ulikuwa umekatika zaidi ya mara moja.

Hapa sina budi kukiri makosa, kwani ruta ile niliinunua mimi. Nilikwenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikiwa na shahada ya uzamivu na shilingi laki mbili, nikashindwa na kijana aliyeniambia, "Mzee, hii ina masikio sita." Nikahesabu antena, zilikuwa sita kweli, nikalipa. Sikuuliza maswali yaliyostahili, na baadaye nililazimika kuyajifunza kwa aibu. Ruta imefungwa kwenye mtandao wa kampuni moja au inakubali laini ya kampuni yoyote? Ile ilikuwa imefungwa, na kampuni iliyofungiwa ilikuwa na mnara dhaifu upande ule wa Chamazi. Namba 1200 iliyo kwenye boksi ni kasi ya nini? Ni jumla ya masafa mawili, 300 kwa moja na 867 kwa jingine, ikakaribishwa hadi namba ya kupendeza; hakuna simu itakayoipata, na kama intaneti unayolipia ni megabiti 10 kwa sekunde, basi hizo 10 ndizo utakazozipata hata ruta iwe na masikio ishirini.

Swali la kwanza, kabla ya duka lolote, ni kinachopita mtaani kwako. Kama faiba imefika kwenye nguzo zenu, iulizie kabla ya kufikiria laini, maana waya hauchoki saa mbili usiku wakati mnara umeelemewa na mtaa mzima. Lakini faiba ina tabia ya kufuata nyumba zenye uzio: unaikuta mtaa mmoja wa Mbweni na kuikosa mtaa wa pili, na sehemu kubwa za Chamazi, Toangoma na Mabwepande bado hutegemea mnara. Kwa wanaotegemea mnara ushauri wangu ni wa kizamani. Azima laini za kampuni tatu, zitie moja moja kwenye simu, simama kila dirisha la nyumba mchana na tena saa mbili usiku, pima kasi na uandike kwenye karatasi. Utashangaa jinsi dirisha la jikoni linavyoweza kuishinda sebule. Ruta itakaa kwenye dirisha lililoshinda, hata kama mama mwenye nyumba anaona inaharibu pazia.

Kuta zetu nazo zina neno. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na ruta huchora nyumba zenye kuta nyepesi. Sisi tunajenga kwa tofali za saruji za inchi 6, tunapiga lipu pande zote mbili, tunatia nondo, tunaezeka bati. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini hupoteza nguvu baada ya ukuta mmoja au miwili ya namna hiyo. Ya gigahezi 2.4 yana kasi ndogo lakini hufika uani. Kwa hiyo nunua ruta yenye yote mawili, runinga na kompyuta zilizo sebuleni zitumie 5, vyumba vya uani vitumie 2.4. Kama nyumba ni ndefu, waya wa mtandao uliopitishwa darini kwenda kwenye kifaa cha pili utakufaa kuliko kubadilisha ruta kila mwaka. Usiiweke ruta nyuma ya runinga, wala ndani ya kabati, wala karibu na simtanki. Maji hunywa mawimbi. Na tenga fedha ya betri ndogo ya volti 12 ya kuihudumia umeme unapokatika. Ruta ya kawaida hutumia wati 10 hivi, yaani robo ya uniti kwa siku. Kuiwasha mchana na usiku si gharama inayotisha, kinachoiua ni umeme unaorudi kwa kishindo.

Katika ufundi jambo kubwa kuliko yote ni funguo, na zipo mbili. Ya kwanza ni nywila ya waifai, ambayo watu wengi huifahamu. Ya pili ni nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta, ambayo wengi hawajui kwamba ipo, na aliye nayo anaweza kuibadilisha ile ya kwanza, kuwatoa watu hewani na kugeuza njia ambayo vifaa vyenu vinapitia. Badilisha zote mbili siku ileile ambayo fundi anaondoka, ikiwezekana akiwa bado anakunywa chai. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ukiona WEP kwenye orodha jua unanunua kufuli lililovunjwa zamani. Zima kitufe cha WPS. Fungua mtandao wa wageni, ili mpangaji apate intaneti bila kufika kwenye kompyuta yenye mitihani ya shule. Na piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, maana mawakala wengine ni wakarimu kwa vidole vya watu.

Sasa niseme linalonikera. Serikali haijawahi kusahau kwamba intaneti ina mlango. Usiku wa 16 Juni 2016 ilizima simu bandia nchi nzima. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye vibanda vya intaneti kufunga kamera. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina adhabu kwa anayeingia asikoruhusiwa. Katika yote haya raia anatazamwa kama mtu wa kutafutwa baadaye. Sijaona mahali anapotazamwa kama mtu wa kufundishwa mapema. Wakala aliyechukua kidole cha dada yangu alikuwa na dakika tano naye. Hakumwambia kwamba laini ile ikikaa kwenye ruta atawajibikia kila atakayepita. Fundi aliyeifunga hakulazimishwa na yeyote kubadilisha "admin". Mamlaka ya Mawasiliano ina uwezo wa kuagiza kwamba ruta isiuzwe nchini ikiwa na nywila moja kwa nyumba zote. Uingereza ilishapiga marufuku nywila za namna hiyo kwa vifaa vya nyumbani tangu Aprili 2024. Ni kanuni ya mstari mmoja.

Na wakati mlango unaachwa hivyo, ofisi zimehamia ndani ya nyumba. Mwalimu huomba uhamisho kwa ESS na hujaza utendaji wake kwenye PEPMIS. Mhitimu huomba kazi kwenye Ajira Portal. Mwanafunzi huomba mkopo wa HESLB mtandaoni, na vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba ya mtandao ya Taasisi ya Elimu. Ninyi watumishi mnaonisoma mnajua ni nani anayelipia kifurushi cha kazi hizo. Kwa familia ya watu watano kununua bando tano za simu ni kuteketeza fedha. Ruta moja ya pamoja ndiyo inayowezesha. Ndiyo maana sikukubaliana na dada yangu alipoamua, kwa hofu, kuwafungia wapangaji wote.

Tulibishana hadi saa sita usiku. Yeye alisema jina ni lake, na pensheni ni yake. Nilimwambia kijana wa chumba cha tatu anasoma Chuo Kikuu Huria kwa intaneti ile, na mama wa chumba cha kwanza huuza vitenge kwa picha anazotuma kutokea pale. Akaniuliza kama mimi, kule Bunju, ninagawa yangu. Sikuwa nagawa. Nilinyamaza kidogo, naye akatumia kimya changu vizuri.

Hata mtandao wa wageni, nilimweleza kwa ukweli, haufichi wala haugawanyi jina. Mbele ya kampuni bado ni kidole kilekile. Kilichobaki ni mambo ya kijiji: kuwajua watu. Tukakubaliana kwamba wapangaji watatumia mtandao wa wageni, nywila itabadilishwa kila tarehe mosi, na atakayeipata ni aliyechangia shilingi elfu tano na kuandika kwenye daftari jina lake na simu atakayotumia. Asiyetaka kuandika atatumia bando lake, bila kuulizwa sababu. Maandishi ya ukutani tuliyapaka rangi.

Suala la ofisi ile lilififia baada ya miezi miwili. Hakuitwa tena na hakuambiwa limeishaje. Mtuma ujumbe hatujamjua hadi leo. Mwezi uliopita nilipita Chamazi nikalifungua daftari. Wapangaji wanne wameandika, kijana wa Chuo Kikuu Huria kwa mwandiko wa kujivunia. Chini yao dada yangu ameandika jina lake mwenyewe, simu yake, na mbele yake: elfu tano, imelipwa.